Mdogo Wangu na Ukurasa wa Matanga

Mdogo wangu ana vidole kumi, na vyote vinafanya kazi. Naanza na hilo ili baadaye mtu asije akasema nimeficha kitu. Mimi nina vinane. Viwili vya mkono wa kuume vilibaki Mangobo, katika uwanja wa nyumba ya baba, siku zile majeshi ya nchi mbili jirani yalipokuja kupigania mji ambao si wao. Cha tatu kilipona lakini kimekauka, hakikunjiki. Waliofanya hivyo wanajulikana, na hakuna aliyerudi kuuliza habari za vidole vyangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mdogo wangu, msichana, alikuwa na mitano, yuko chini ya kitanda, analia kiu, nami nikatoka kumchotea maji.

Mabomu yaliponyamaza, baba alikuwa na nguvu ya kusomesha mtoto mmoja. Alinitazama mkono uliofungwa kitambaa, akasema mbele ya mama, "Weye mukono yako imekufa. Utaandika na nini? Acha mudogo aende." Nilikuwa nimefika darasa la pili la sekondari, na ndipo shule yangu ilipoishia. Baba amekwisha kufa, Mungu ampumzishe, lakini katika orodha yangu ya wakosaji yeye yuko mahali pa juu, karibu kabisa na wale wenye mizinga.

Nikajifunza kuchapa katika sekretaria ya mtaani. Ni kibanda ambamo watu wanakuja kuandikisha barua, maombi ya kazi na karatasi za kanisa. Mwenye kibanda alinicheka juma la kwanza. Juma la nne aliacha kucheka. Nilichapa kwa mkono wa kushoto wote, na wa kuume nikatumia kidole gumba na kile kidogo cha mwisho. Alipozeeka akaniachia kibanda, na mashini ya taipu ikafuatwa na ordinatere, yaani kompyuta. Huyo mzee simweki katika orodha.

Kazi iliyonipa jina ni komunike za matanga. Mtu akifa kwetu, kabla ya kilio kuisha, familia inataka komunike: nani amekufa, mwili utatoka saa ngapi, na hasa nani na nani wapewe habari. Hapo ndipo vita. Majina ya watu wa baba yakitangulia, watu wa mama wanakasirika. Watu wa mama wakitangulia, baba wadogo wanauliza kama mtoto alizaliwa bila baba. Kwenye redio hakuna dawa, maana mdomo ni mmoja na lazima uanze na mtu fulani. Mimi nilipata dawa kwenye karatasi. Niliweka safu mbili, upande wa baba kushoto, upande wa mama kulia, mistari imelingana kama watu wawili waliosimama bega kwa bega. Hakuna wa juu wala wa chini. Noko mmoja, maana yake mjomba, kaka wa mama, aliwahi kupima kwa kijiti kama safu zimelingana kweli. Zilikuwa zimelingana. Akanipa mkono, ule mbovu, bila kuukwepa.

Kwa hiyo watu walitoka hata Lubunga, wakavuka mto, kuja kwangu. Nilikuwa mtu. Nataka hilo lieleweke kabla sijaeleza jinsi nilivyonyang'anywa.

Tuna mituele yetu Mangobo, chama cha familia zilizotoka chini ya mto, Basoko, Yangambi na vijiji vya katikati. Kazi yake kubwa ni kuzikana. Sasa watu wote wana telefone, na ndugu walio Basoko walikuwa wakilalamika kwamba komunike zinawafikia maiti amekwisha kuzikwa, mara picha ya karatasi imetumwa haisomeki, mara mtu amesahau kutuma. Prezida wa mituele, mwanamume mwenye kukohoa kila anapotaka kukwepa jambo, akasema tufungue ukurasa kwenye intaneti, komunike ziwekwe hapo, kila mtu asome mwenyewe. Akauliza nani atautengeneza na kuushika.

Nilijua jibu. Nani mwingine? Komunike ni zangu. Nilikuwa na programu niliyopewa kwenye flashi na fundi mmoja wa ordinatere, ya kutengeneza kurasa bila kuandika kode yoyote, yaani alama za kuiamuru ordinatere. Unachukua kisanduku kwa kipanya, unakiburuta mpaka unapotaka, unaandika ndani yake, basi. Unataka ua, unaburuta ua. Unachokiona kwenye kioo ndicho unachopata, ndivyo fundi alivyoniambia. Kipanya nakishika kwa mkono wa kushoto na hakijawahi kuniuliza nilifika darasa la ngapi.

Mdogo wangu akanyanyua mkono.

Alikuwa amekaa nyuma, kwa adabu, na shati lake la ofisi ya Makiso, katikati ya mji. Alisoma mambo ya ordinatere chuo kikuu miaka yote ile ambayo mimi nilichapa komunike, na sehemu ya karo ilitoka kwenye komunike hizo. Akasema, akiniita Yaya kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "Papa prezida, na miye nataka kujaribu. Yaya ataweka majina, miye nitaandika kode. Tutafanya pamoja."

Pamoja! Mtu mwenye chakula chote anakukaribisha kwenye sahani yako mwenyewe. Nikamjibu mbele za watu, "Miye sihitaji mutu wa kuniandikia. Kila mutu afanye yake, mituele itachagua."

Watu wakapiga makofi. Mituele yetu inapenda mashindano kuliko mazishi.

Tulipewa majuma mawili. Wakati huo mdogo wangu alikuwa akikaa kwangu, chumba cha nyuma, hivyo nilimwona anavyofanya kazi, na kumwona ndiko kulikoniharibu. Alifungua kioo cheupe kitupu, kama daftari la mwanafunzi, akaanza kuandika. Hakuburuta kitu. Vidole vyote vilikwenda, hata vile vidogo, na hakuvitazama. Alikuwa anaongea nami habari za pondu, majani ya muhogo, sokoni huku vinaandika vyenyewe. Alama zile za ajabu, mabano yenye ncha, mabano yenye mawimbi, zilikuwa zinatoka kama mvua juu ya mabati. Nilikaa na sufuria mapajani nikasahau kuchambua mboga.

Siku moja alipokwenda kazini nilifungua daftari lake la chuo, nikajaribu. Nasema kweli, maana nimeapa kusema kweli hata inayonichafua. Nilinakili mistari yake kwenye ordinatere ya sekretaria. Ile alama ya mabano ya mawimbi, kwenye klavye yetu, inataka ubonyeze vitufe viwili mara moja, kimoja kiko upande wa kulia chini, na mkono wa kulia wangu haufanyi vitu viwili mara moja. Nilikuwa naacha klavye, napeleka mkono wa kushoto ng'ambo, narudi. Mistari kumi ilinila asubuhi nzima. Nilipofungua ukurasa, herufi zote zilitoka nene, nyeusi, toka juu mpaka chini, kama mtu anayepiga kelele. Nilikuwa nimesahau kufunga alama moja, moja tu. Nikafuta yote, nikarudisha daftari pale pale, na kona yake imeelekea pale pale.

Alirudi jioni, akalitazama daftari, akanitazama. Akaniuliza chakula ni nini. Na hilo nalo nililiandika katika orodha.

Nikarudi kwa programu yangu kwa hasira, na hasira ilinifanya fundi. Niliweka maua ya zambarau pembe nne. Niliweka mshumaa unaowaka, moto wake unacheza kweli. Nikaweka fremu ya picha ya marehemu yenye ukingo wa dhahabu. Na katikati, safu zangu mbili, baba kushoto, mama kulia, mistari imelingana. Chini ya safu ya kushoto kulibaki nafasi, nikaweka wakwe, na chini yao kisanduku cha seremala wa masanduku ya maiti ambaye ni mwanamituele na aliniomba sana. Chini ya safu ya kulia nikaweka majirani na waumini. Kwenye kioo cha ordinatere yangu palikuwa pazuri kama madhabahu ya Pasaka.

Siku mbili kabla ya mkutano mdogo wangu alikuja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Yaya, iko muzuri," akasema.

"Najua iko muzuri."

"Bon. Lakini umeifungua ku telefone?"

Yeye alikuwa na telefone ya kioo kikubwa. Mimi nilikuwa na kale ka vitufe kenye tochi, na yeye alijua. Nilisikia anavyouliza, na nilisikia dharau, ingawa leo nikikumbuka sauti yake sina hakika kama dharau ilikuwamo au niliiweka mimi.

"Telefone yangu haifungue mambo ya wenye diplome," nikasema.

"Sivyo, Yaya. Sikia. Ku telefone, safu ya kulia haina nafasi. Iko naanguka chini. Yote. Inakwenda kulala chini ya ile ya kushoto." Akatoa telefone yake anionyeshe. Nilikizima kioo cha ordinatere kabla hajaifungua.

"Donc unataka nikuachie."

"Nataka nirekebishe mistari mitano. Jina ibakie yako."

"Mistari mitano yako na vidole vyako kumi," nikasema. "Ondoka nyuma yangu."

Aliondoka. Lakini kabla ya kuondoka alinionyesha jambo jingine, na hilo siwezi kulisahau. Kwenye ordinatere yake ndogo ya kazini alikuwa amefungua tumbo la ukurasa wangu, yaani kode ambayo programu iliandika yenyewe nilipokuwa naburuta maua. Ilikuwa ndefu, haina mwisho. "Angalia," akasema, "ukisogeza ua kidogo, inaandika mistari makumi. Programu yako inasema sana, Yaya. Mutu ya Basoko atamaliza mega zake zote za intaneti mbele hajafika ku jina la kwanza." Alicheka kidogo. Alikuwa anaicheka programu. Mimi nilisikia ananicheka mimi, maana ile programu ndiyo iliyokuwa vidole vyangu.

Mkutanoni waliweka ordinatere yangu juu ya meza, watu wakasogea na viti. Wa mdogo wangu ulionyeshwa kwanza. Mweupe. Jina la marehemu, saa, mahali, safu mbili nyembamba za majina, kwisha. Hakuna hata msalaba. Mama mmoja mzito, mchuuzi wa samaki wa moshi, akauliza kwa sauti, "Sasa hii ni matanga ao ni karatasi ya hopitali?" Watu wakaangua kicheko. Mdogo wangu naye akacheka.

Kisha wangu. Mshumaa ulipoanza kuwaka yule mama akapiga vigelegele kama yuko arusini. "Eeeh! Hata miye nikifa muniweke humo!" Mdogo wangu akajaribu kusema, "Lakini papa prezida, watu watasomea ku telefone, si ku ordinatere, tuufungue ku telefone tuone..." Prezida akakohoa, akasema kura imekwisha kupigwa kwa makofi. Nilimtazama mdogo wangu usoni. Nilingoja nione ameumia. Alikuwa anakunja waya wa chaja.

Kwa hiyo nilishinda. Miezi mitatu ukurasa ulikuwa wangu. Jina langu la kazi lilikuwa chini kabisa, na watu walinisalimu barabarani wakiwa juu ya pikipiki. Wafu wa miezi hiyo mitatu walikuwa wazee wasio na ugomvi, ama watu ambao noko zao wote wamekwisha kufa. Watu wa Basoko walilalamika ukurasa ni mzito, unakula mega, lakini nilisema ni mtandao wao. Hata prezida, aliyekuwa na telefone nzuri, hakuniambia kitu. Kama aliona, alikohoa.

Kisha akafa mfanyabiashara wa mbao, mtu wa umri wangu, aliyeuza sokoni nyuma ya kwetu. Noko zake walikuwa wengi, wazima, na wakali, wote wa Basoko. Niliandika komunike yake kwa uangalifu mkubwa kuliko zote. Nilimpigia simu mama yake mara mbili kwa ajili ya mpangilio wa majina ya kaka zake. Safu ya kulia ilikuwa safi, mkubwa juu, wadogo chini.

Noko mkubwa alisomea Basoko, mahali pale pa ukingoni ambapo mtandao unashikika. Alinisimulia mwenyewe baadaye, mbele ya watu wote, kwa hiyo najua kila hatua. Maua yalikuja kwanza, taratibu, moja moja. Mshumaa ukaja. Mega zikawa zinakwisha. Kisha majina: baba wadogo wa marehemu, wote. Akangoja jina lake liko pembeni. Pembeni hapakuwa na kitu. Akashuka. Wakwe. Akashuka. Kisanduku cha seremala, na picha ya sanduku la maiti la mbao nyekundu. Akashuka tena, na hapo, chini ya sanduku, ndipo alipojikuta yeye na wadogo zake.

Hakupiga simu. Alipanda baleinière, mashua kubwa ya mto, na wadogo zake wanne, wakaja.

Siku ya mazishi mwili ulikuwa umekwisha kuwekwa uwanjani, chini ya turubai. Wanawake tulikuwa kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya plastiki, pikapu inangoja barabarani. Noko watano waliingia, hawakusalimu maiti. Mkubwa alisimama mbele ya sanduku, akainua telefone juu kama padri anavyoinua kikombe.

"Tuliambiwa tuje kuzika mutoto wa dada yetu," akasema. "Lakini kufuatana na komunike, siye noko tuko chini. Chini ya baba zake, sawa, tuachilie. Chini ya bokilo, wakwe! Na chini ya sanduku. Alors, sanduku njo kubwa kutupita? Basi muzike sanduku. Mutoto wetu tutarudi naye."

Aliyejaribu kucheka alinyamazishwa kwa macho. Kwetu noko akikataa, hakuna wa kumzika mtu. Anaweza kulala kwenye sanduku, akafungua kifuniko, akachukua mwili kweli, na serikali yoyote haitamzuia. Mama wa marehemu alianza kulia upya, kilio kingine, cha aibu.

"Nani aliandika?" noko akauliza. "Asimame, nimuone uso."

Mituele yote ilikuwa pale. Yule mama wa samaki alijua. Prezida alijua kuliko wote, maana aliupokea ukurasa kwa makofi. Akakohoa. Na wote wakaanza, bila kusema, kugeuza macho kwenye mkeka wetu. Niliyahisi yakinifikia kama jua linavyoingia chini ya turubai.

Nikasema, "Mambo ya kode, mwenye kujua ni mudogo yangu. Ye njo alisomea."

Ni maneno machache. Si uongo, ukiyapima moja moja. Nimewaandika wakosaji wote hapa, ni lazima na mimi nijiandike: wakati ule nilijua ninachofanya, na kwa dakika moja nilifurahi. Nilifikiri, sasa na wewe upigwe mbele za watu. Sasa diplome ikusaidie.

Mdogo wangu alikuwa mkeka wa pili. Alinigeukia. Hakukunja uso. Alinitazama kama mtu anayesoma mstari mrefu mpaka mwisho, kisha akajifunga kitenge vizuri, akainuka, akaenda kupiga magoti mbele ya noko watano.

"Ba tonton," akasema, "pardon. Kosa iko. Hakuna mutu aliwaweka chini. Ku ordinatere muko sawa na baba zake, bega kwa bega. Telefone ni ndogo, njo inawaangusha. Ni sisi hatukupima. Munipe dakika, nitawasimamisha."

"Utatusimamisha?" noko akasema, bado mkali. "Weye mutoto mwanamuke utatusimamisha siye?"

"Ndiyo, tonton. Na mukiona bado muko chini, munipeleke Basoko badala ya maiti."

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. Kisha mwingine. Noko mkubwa alijaribu kubaki mkali, mdomo ukamtoroka pembeni.

Akakaa pale pale chini, kwenye udongo, ordinatere ndogo ya kazini mapajani, telefone ikiipa mtandao. Neno la siri la ukurasa alilijua. Nilikuwa nimemuomba siku ya kwanza anisaidie kuuweka hewani, hilo sikulisema mkutanoni. Hakufungua ukurasa wangu aurekebishe. Aliuweka kando mzima, maua, mshumaa na dhahabu, akaandika mwingine mtupu. Noko watano wakainama juu ya mabega yake kutazama vidole vinavyokwenda. Mimi pia nilitazama. Nilijua pale anapobonyeza vitufe viwili mara moja. Alifanya bila kupunguza mwendo.

Kisha akasema, "Fungua sasa, tonton."

Kila noko akafungua telefone yake. Haikungoja kitu, ilikuja mara moja, nyeupe. Safu mbili, nyembamba, herufi ndogo, lakini zimesimama. Noko mkubwa aliweka ukucha wake chini ya jina lake, akaupitisha ng'ambo mpaka jina la baba mkubwa wa marehemu. Yalikuwa mstari mmoja.

"Seremala iko wapi?" akauliza.

"Amekufa," mdogo wangu akajibu, na uwanja mzima ukacheka, seremala mwenyewe akiwemo, na mama wa marehemu akafuta uso kwa upande wa kitenge.

Tulizika kabla ya saa saba. Noko aliomba mbuzi wa adabu, mituele ikakubali. Wakati wa kurudi kutoka makaburini nilisikia nyuma yangu yule mama wa samaki anasema, "Ule mutoto iko na heshima! Amekosa, amepiga magoti, amerekebisha. Wenye kusoma wengine wanaleta kiburi." Na mwingine, "Alilelewa muzuri." Alilelewa na nani? Hakuna aliyeuliza. Nilimpa kosa langu nikidhani nimemtwika mzigo, akalibeba vizuri kuliko ambavyo mimi nimewahi kubeba kitu chochote changu, mpaka watu wakamsifu kwalo. Hata lawama yangu ilimpendeza yeye.

Tulitembea pamoja mpaka nyumbani. Mlangoni nikashindwa kujizuia.

"Juu ya nini ulikubali?"

Alikuwa anavua viatu vyenye udongo wa makaburini. "Maiti ilikuwa ku jua, Yaya," akasema, akaingia ndani.

Ningependa angenitukana. Tusi ningelijua pa kuliweka.

Mkutano uliofuata mituele ilimpa ukurasa. Prezida alisema maneno mengi juu ya vijana na maendeleo, hakukohoa hata mara moja. Mimi nilipewa kazi ya majina: familia zinakuja kwangu sekretaria, nawauliza nani mkubwa, nani mdogo, nani asiwekwe karibu na nani, naandika kwenye karatasi, nampelekea. Walisema ni kazi ya heshima, hakuna mwingine anayeijua. Ni kweli hakuna. Lakini watu wakifungua wanaona zile safu mbili, wanasema, tazama akili ya mdogo, amewaweka bega kwa bega. Safu zile ni zangu. Zilikuwa zangu kwenye taipu yeye akiwa bado anafuta kamasi kwa mkono wa gauni. Nimemwambia. Akasema, "Ni kweli, Yaya, nilijifunza kwako," na akawaambia watu hivyo hivyo mkutanoni, nao wakampigia makofi kwa unyenyekevu wake.

Programu yangu bado iko kwenye ordinatere. Naitumia kwa kadi za arusi na ubatizo, zinazochapwa kwenye karatasi, ambako kitu ukikiweka kulia kinakaa kulia. Wanaoidharau sina maneno nao. Ilinifungulia mlango ambao baba aliufunga. Nakubali tu kwamba inakubembeleza. Kode ilinipigia kelele kwa alama moja, na nilikasirika. Hii ilininyamazia miezi mitatu, na kosa langu likaenda kugunduliwa na noko wa watu, Basoko, kwa mega zake.

Sasa nina telefone ya kioo. Kila asubuhi nafungua ukurasa kabla ya kufungua kibanda, na simfichi mtu ninachotafuta. Natafuta alipokosea. Majuma mengi sikupata kitu. Juma lililopita nikapata. Katika safu ya kulia aliruka mstari mmoja wa karatasi yangu, na noko mdogo akapanda juu ya noko mkubwa. Noko hao walikuwa Yangambi. Palikuwa bado mapema, pengine hawajafungua.

Niliketi. Niliagiza chai kwa mama wa jirani, nikainywa yote taratibu, telefone iko magotini, zile safu ziko wazi, na yule mdogo amekaa juu ya mkubwa wake. Sijanywa chai tamu kama ile miaka mingi. Nilimwona akipiga magoti tena, na safari hii kosa ni lake kweli.

Kisha nikafikiri juu ya mwili wa mpwa wao, uko wapi saa hizi, umewekwa upande gani wa uwanja. Nikampigia.

"Safu ya mama, mustari wa tatu," nikasema. "Umebadilisha wakubwa."

Nilisikia vitufe. Hakuuliza nimejuaje, wala nimeona tangu saa ngapi.

"Aksanti, Yaya. Fungua tena."

Nikafungua. Noko mkubwa alikuwa amekwisha kurudi mahali pake. Alimaliza mimi bado sijakata simu. Nikazitazama safu zote mbili, juu mpaka chini, zimenyooka, kisha nikarudi juu nikaanza upya, jina kwa jina, kutafuta kosa jingine.